Kostiki Hunywa Hewa

9 Januari

Mwanangu mpendwa,

Naomba radhi kwa kukaa kimya miezi mitano. Sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini, wala kalamu haikunikaukia. Nilikuwa na hasira juu ya bei, na nilifundishwa kwamba barua isiandikwe kwa hasira. Hasira haijaisha, ila nimechoka kuingoja.

Hapa nyumbani sote ni wazima. Paa la karakana lilivuja upande wa dirishani, tukaliziba kwa muda. Mkataji wetu amepata mjukuu wa tatu, na sasa hukata miche ya sabuni huku akiimba nyimbo za kubembeleza watoto, jambo ambalo limepunguza kasi ya kazi. Glavu ulizotuma zimefika, jozi saba: sita za wafanyakazi na moja yangu mimi, niliyezoea kukoroga mikono mitupu. Nazivaa. Ahsante sana. Marehemu kaka yangu, baba yako, angeona ulivyo mtu wa kukumbuka watu, angefurahi.

Sasa jambo lenyewe. Wewe umo katika kiwanda kinachotengeneza kostiki, yale magamba meupe tunayoyachanganya na mafuta ili tupate sabuni. Kwa hiyo swali hili ni lako. Gunia lile lile, la muuzaji yule yule, limepanda bei mara tatu tangu katikati ya mwaka jana. Nilimwuliza sababu. Akanijibu, "Mama, soko ndivyo lilivyo." Hilo si jibu. Ni sawa na kuuliza mvua inatoka wapi, ukaambiwa imenyesha.

Watu hawaogi zaidi ya zamani. Karakana mbili za sabuni za mtaani kwetu zimefungwa, maana yake wanunuzi wa kostiki tumepungua. Nilifundishwa kwamba wanunuzi wakipungua, bei hushuka. Nani ameibadilisha kanuni?

Hospitali na shule mbili zinanunua kwetu, kwa bei tuliyokubaliana mpaka mwisho wa mwaka. Siwezi kuipandisha, kwa kuwa nilitia saini. Kostiki ikipanda mara moja zaidi, nitafunga mlango, na wanawake sita watarudi nyumbani. Sijawaambia. Nieleze kwa maandishi. Maneno ya simu huingia sikio hili na kutokea lile.

Wasalimie mkeo na binti yako.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kukaa wima. Sisi hatujambo. Mke wangu ameanza kushona sare za shule na cherehani inaunguruma kutwa. Binti yako, maana ni wako kuliko wangu, ameng'oka jino na amelihifadhi kwenye kile kisanduku ulichompa cha sabuni. Anasema linatakata. Kazini ni kuzuri.

Kanuni hakuna aliyeibadilisha, Shangazi. Ila kostiki haizaliwi peke yake, na hilo muuzaji wako halijui. Sisi tunachukua maji ya chumvi, tunayapitisha umeme. Upande mmoja inatoka kostiki, upande wa pili inatoka klorini. Ni mapacha. Huwezi kumzaa mmoja ukamwacha mwenzake tumboni. Kwa kila tani ya klorini tunapata tani moja na kidogo ya kostiki, na hakuna meneja anayeweza kubadilisha hesabu hiyo hata akikasirika vipi.

Kostiki unaweza kuiweka ghalani ikamngoja mnunuzi. Klorini ni hewa ya sumu, haingoji mtu. Kidogo huenda kusafishia maji ya bomba, lakini nyingi hununuliwa na kiwanda cha mabomba ya plastiki. Tangu mwaka jana watu wameacha kujenga. Mabomba yamerundikana uani kwao kama kuni. Hawataki klorini yetu. Tukikosa pa kuipeleka, tunapunguza umeme. Tukipunguza umeme, kostiki nayo inapungua. Na wanaoitaka kostiki wako pale pale: watengeneza karatasi, viwanda vya nguo, waosha chupa za soda, wasafishaji wa mafuta ya kupikia. Wote wanakuja na malori. Wewe uko mwisho wa foleni umeshika kijiko.

Kwa hiyo kostiki yako imepanda kwa sababu kuna mtu mahali fulani ameahirisha kujenga choo.

Itapanda tena, Shangazi, mpaka watu warudi kujenga. Ukiweza, nunua sasa ya miezi sita. Iweke pakavu, juu ya mbao, isiguse sakafu.

Nisingeyajua haya bila wewe. Kila darasa nililokaa, karo yake uliipika wewe kwanza kwenye pipa. Sijapata kukushukuru kama inavyopaswa, na sijui kama maneno yake yapo.

Mwanao


28 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa afya zenu. Mwambie mjukuu wangu kwamba jino halitakati kwa kukaa karibu na sabuni, kama vile mtu haelimiki kwa kukaa karibu na shule, ila nimecheka.

Maelezo yako niliyasoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote. Yule anayefunga miche kwenye karatasi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo dua zetu ni watu wajenge vyoo." Mkataji akamwambia, "Anza na cha kwenu." Tangu siku hiyo tukipita penye msingi mpya tunasimama kuutazama. Ni mara ya kwanza mtu kunieleza bei kwa namna inayoeleweka. Nimeshukuru sana, na nimejiona sikupoteza moto wangu bure.

Nimefuata shauri lako. Fedha niliyoiweka kwa ajili ya paa nimenunulia magunia ishirini na manne. Unanijua: sipokei kitu kwa maneno ya mdomo. Mizani yangu haibebi zaidi ya kilo kumi, kwa hiyo kila gunia tulilifungua, tukalimimina katika sinia mara tatu, tukapima, tukarudisha. Kazi hiyo ilituchukua siku tatu. Magunia manane yalipungua nusu kilo kila moja. Nikarudi dukani nikamweleza muuzaji, mbele ya wateja wake, yeye ni mtu wa namna gani.

Magunia tumeyashona upya kwa uzi wa pamba, mishono ya karibu karibu. Yako juu ya mbao katika kile chumba cha nyuma, na madirisha nimeyaacha wazi ili hewa ipite, kwa kuwa kila kitu hukauka kwa hewa.

Katika barua yako palikosekana vituo vitatu. Nimevitia kwa penseli. Aidha, habari za mke wako zimechukua mstari mzima, za jino mistari miwili, na za kazi yako maneno matatu.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo asubuhi. Tulihama nyumba mwezi uliopita, ikapelekwa kwenye ile ya zamani, ikakaa. Anwani mpya ni hiyo ya nyuma ya bahasha. Sote wazima. Nisamehe salamu nikizifupisha. Natumaini barua hii inakukuta hujaanza kupika.

Kostiki hunywa hewa. Ukiifungua, inavuta unyevu, inavimba, inashikana mabonge. Zaidi ya hapo inavuta ile hewa tunayoitoa puani tukipumua, na polepole inarudi kuwa magadi, na magadi hayaivishi mafuta yakawa sabuni. Ndiyo maana gunia lake lina mfuko wa nailoni ndani uliozibwa kwa moto. Nilikwambia uweke pakavu, juu ya mbao. Sikukwambia usifungue. Huku kiwandani hakuna anayemwambia mwenzake hilo, kama usivyomwambia mtu asimwage maji ndani ya viatu. Nilisahau kwamba mtaani wanakuita Bi Mizani. Kosa ni langu, wala usilibebe wewe.

Usitupe hata gamba moja. Unakumbuka uliyonisimulia juu ya mama yako, kabla kostiki ya dukani haijaja, alivyopika sabuni kwa maji ya majivu? Alikuwa anayachemsha na chokaa. Sikumwona, lakini wewe ulimwona. Maji ya majivu nayo ni jamaa wa magadi, na chokaa ndiyo iliyokuwa inayatia makali. Fanya vivyo hivyo. Yeyusha kostiki kwenye maji, kidogo kidogo, mimina kostiki kwenye maji na kamwe si maji kwenye kostiki. Tia chokaa iliyozimwa kwa maji, chemsha, koroga. Kisha acha itulie siku nzima. Tope jeupe litakaa chini. Maji safi ya juu ndiyo kostiki yako. Makali yake pima kama alivyopima mama yako.

Glavu, Shangazi. Na miwani.

Niandikie upesi hata kama ni mstari mmoja.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ilinikuta nimeshapika.

Nimekuficha jambo, na kwa kuwa nimekulea kwa kukukataza kuficha, nitalieleza lote.

Katikati ya Machi niliyapima magunia tena. Yote yalikuwa yameongezeka, mengine kwa kilo nzima na zaidi. Mtu mwenye akili angejiuliza kitu kinaongezekaje chenyewe chumbani. Mimi niliamua kwamba siku ya kwanza mizani yangu ilikosea, na kwamba nilimwaibisha muuzaji bila haki. Nikavaa vizuri, nikaenda dukani, nikamwomba radhi mbele ya wateja, nikampelekea na miche sita ya sabuni. Alipokea vyote. Alisema, "Mama, hata mimi roho iliniuma."

Mwanzoni mwa Aprili tukapika mapipa mawili. Sabuni haikushika. Tuliingoja siku tatu, tukaingoja siku tano. Siku ya sita mkataji akapitisha waya wake, ukapita kama unakata uji. Akanitazama. "Bi Mizani," akasema, "hii tutaiuza kwa mche au kwa kilo?" Sikucheka. Niliingia chumba cha nyuma nikakaa juu ya gunia. Lilikuwa na unyevu. Hospitali ilikuwa tayari kungoja sabuni wiki tatu zaidi, kisha wangetafuta kwingine, na sikuwa na fedha ya kostiki nyingine. Siku hiyo niliwaambia wale sita kwamba huenda tukafunga. Hakuna aliyelia. Mfungaji wa miche alichukua ufagio akaanza kufagia, nami nikaona hilo ni gumu zaidi kutazama kuliko machozi. Ndiyo maana sikukuandikia.

Ndipo ikaja barua yako. Mwanangu, mambo ya mama yangu nilikusimulia ukiwa na umri wa miaka tisa, ukiwa na homa, ili ulale. Sikujua ulisikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau.

Tulichemsha na chokaa. Tope likatulia chini kama ulivyosema, tukayachota maji ya juu. Kupima makali, mama alitumia yai. Likizama, maji ni dhaifu; likielea na kuonyesha kichwa cha ukubwa wa kifungo cha shati, yamefika. Nililishusha yai kwa kijiko, na wanawake sita wakakizunguka kile chombo kama wanaomngoja mtoto azaliwe. Likazama. Mkataji akasema, "Labda yai lenyewe ni zito." Tukarudisha motoni, tukaongeza chokaa. Siku ya pili likaelea. Mfungaji alivua kilemba akajifuta uso.

Ile sabuni ya uji tumeirudisha kwenye pipa kwa makali mapya, na imeshika. Nimeionja kwa ncha ya ulimi kama kawaida yangu. Haiunguzi, haina mafuta. Hospitali imepokea siku mbili kabla ya muda. Karakana imesimama. Imesimama kwa sababu yako, na ahsante ni neno dogo, ila halina kosa, kwa hiyo naliandika: ahsante. Muuzaji sijamrudia. Siku hizi akiniona hujificha nyuma ya magunia, maana hajui nimeleta lawama au radhi.

Sasa nina swali. Ulinieleza kwamba klorini ikikosa mnunuzi, umeme hupunguzwa. Nimekaa nikafikiri. Umeme ukipunguzwa, watu hubaki? Uliniandikia kwamba kazini ni kuzuri, kisha ukahama nyumba; nami ninajua kwamba nyumba ile ilikuwa ya kiwanda. Umenifundisha kusoma bei. Usidhani siwezi kukusoma wewe.

Nijibu kwa maandishi.

Shangazi yako


3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Binti yako ameota jino jipya, limekaa upande. Mke wangu anakusalimu na anasema, "Mwambie tu."

Basi nakwambia. Ukumbi wa pili wa mitambo ulizimwa Novemba. Siku niliyokuandikia kwamba kazini ni kuzuri, barua ya kampuni ilikuwa mezani, chini ya karatasi hiyo hiyo niliyoiandikia. Machi tukatoka kwenye nyumba yao. Sasa tuna chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ni cherehani. Wamenibakisha kusimamia ukumbi wa kwanza mpaka mwisho wa Julai. Baada ya hapo wananipa njia mbili: niende kiwanda chao kipya, mwendo wa siku tatu kutoka hapa, mkataba wa miaka mitatu, peke yangu bila familia; au nichukue kiinua mgongo niondoke.

Niliona haya. Miaka yote ile ulikoroga pipa ili mimi nisikoroge. Ningekuandikia nini, kwamba mabomba hayauziki na kwa hiyo elimu uliyonipa imekaa bila kazi? Nikaona bora nikueleze bei, maana hiyo angalau ningeieleza vizuri.

Barua yako ya yai nimeisoma mbele ya wenzangu wa zamu. Mhandisi wetu, mtu asiyecheka, alicheka kwa radhi uliyompelekea muuzaji mpaka akavua kofia. Kisha akasema, "Huyo mama amefanya kazi ya kiwanda kizima kwa sufuria na yai." Sijui kama nimewahi kujivuna vile.

Ahsante kwa kuniuliza. Nilikuwa nimechoka kuficha.

Mwanao


19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Jino likikaa upande, liacheni. La baba yake lilikaa hivyo hivyo likajinyoosha.

Haya ya nini? Hukuiba, hukulala kazini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na sikukusomesha ili usikoroge. Nilikusomesha ili ujue unachokikoroga, maana mimi nilikoroga miaka thelathini bila kujua, na umeona nilikofika: nilimwomba radhi mtu aliyenipunja.

Sitakuita nyumbani. Mwanamume mwenye mke na mtoto haitwi kwa barua ya shangazi yake. Ninachofanya ni kukupa habari kama zilivyo. Shule ya tatu imekuja kuuliza sabuni. Pipa la pili halina msimamizi. Nilikuwa nalisimamia mwenyewe, na mgongo wangu umetoa maoni yake. Ninahitaji mtu anayejua lini kostiki itapanda kabla haijapanda. Chumba cha nyuma kikitolewa magunia kinatosha cherehani, na kina madirisha mawili. Mshahara mwanzoni hautafikia ule wa kiwandani, wala sitasema uongo kwamba utafikia. Huko kwingine kuna mkataba na uhakika wa miaka mitatu. Hilo nalo ni jambo zito. Lipimeni vizuri, wewe na mkeo, na mkipima msinitie mimi kwenye sinia.

Mtaani kwetu wameanza kuchimba misingi ya nyumba mbili. Jana lori lilishusha mabomba, nami nikasimama barabarani nikayahesabu, nimeshika kikapu. Mwenye nyumba akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Jenga tu."

Nimekutumia mche mmoja wa ile sabuni iliyokuwa uji. Si mzuri wa kutazama; una doa jeupe ubavuni. Lakini unatoa povu. Nimeukata mwenyewe. Ninakushukuru, na safari hii sina la kusahihisha.

Shangazi yako


8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mche umefika salama. Kabla ya kuuweka kwenye kisahani niliugusa kwa ncha ya ulimi, kama nilivyokuwa nikikuona wewe. Binti yako alikuwa mlangoni. "Baba," akasema, "una njaa?" Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo bibi yake anavyojua kama kazi imekamilika. Naye akaonja, akakunja uso, akasema imekamilika.

Barua yako mke wangu ameisoma peke yake, kisha akaniuliza kama ile mizani yako bado haibebi zaidi ya kilo kumi. Nikamwambia ndiyo. Akatoka na fedha ya sare zake, akarudi na mizani ya kubeba gunia zima bila kulifungua. Ameifunga kwa kamba, iko hapa miguuni pangu ninapoandika. Tunaongea kila siku jioni akishazima cherehani, na tunapima kama ulivyotuagiza, bila wewe kwenye sinia, ingawa ni vigumu. Sinia lenyewe ni lako.

Kampuni inataka jibu kabla ya tarehe thelathini. Mizani utaipata kwa vyovyote. Ambacho bado hatujui ni kama nitaituma au nitaileta. Tukishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mwanao